Pangaboi, injini na masikio ya msafiri wa Kindu

Anayetoka Kindu kwenda Brussels hafanyi safari moja. Hufanya mbili, mara nyingine tatu, na kila moja ina kelele yake. Ya kwanza ni ya kutoka Kindu, mkoani Maniema, hadi Kinshasa, karibu kilomita 1,200 za msitu ukizipima kwa mstari ulionyooka, ndani ya ndege ambayo huenda ikawa ya jeti na huenda ikawa ya pangaboi. Hilo aghalabu hulijua siku ya kupanda, si siku ya kukata tiketi. Akishuka Ndjili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, anarudisha saa yake nyuma kwa saa moja, anasubiri jioni, kisha anaingia ndege kubwa ya usiku inayokaa angani kama saa nane. Akipitia Addis Ababa, anakaa angani karibu saa nne, anapiga foleni, halafu anaanza tena safari ya saa saba na ushei.

Njia nyingine zimebana. Reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, inayoshuka kusini mpaka Lubumbashi ipo, lakini safari yake huhesabiwa kwa siku, na mambo yakiharibika njiani huhesabiwa kwa wiki. Barabara za kutoka mjini zimeachiwa zaidi pikipiki na baiskeli zilizobebeshwa mizigo kuliko magari. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, na Februari ikawa zamu ya Kavumu, uwanja wa Bukavu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepata nafasi Liège, mfanyabiashara anayefuata bidhaa Guangzhou, mgonjwa anayepelekwa India na hujaji wa Kasongo anayekwenda Makka, wote huangukia mlango mmoja, nao ni wa angani.

Siku hizi si ajabu kumwona mmoja wao ameweka shingoni hedifoni kubwa za kuzima kelele, zile zinazotangazwa kwamba ukizivaa ndege inanyamaza. Ushauri unaopatikana kuhusu hedifoni hizo, kwa bahati mbaya, umeandikwa na watu wanaoruka Frankfurt hadi New York: ndege moja, jeti moja, tundu la umeme chini ya kiti, na duka la kubadilisha bidhaa mbovu wakirudi nyumbani. Wao huanza na ubora wa muziki, wakamalizia na mambo ya betri, waya na sponji. Kwa msafiri wa Kindu orodha hiyo inafaa kupinduliwa, na sababu zake zinaanzia kwenye kelele yenyewe.

Ndege ya jeti ikiwa angani hutoa mvumo mpana: hewa inayosugua ubavu wa ndege, injini, na mitambo ya kupoza hewa. Ndani yake kipimo huwa kwenye desibeli 80 hadi 85. Ndege ya pangaboi ni kitu kingine. Kila jani la pangaboi linapopita karibu na ubavu wa ndege hupiga hewa, na mapigo hayo yakifuatana kwa kasi yanakuwa sauti moja nzito isiyokoma. Chukua Dash 8 Q400, ambayo Congo Airways ilikuwa nayo pamoja na Airbus A320 baada ya kuanza kazi mwaka 2015. Pangaboi lake lina majani sita na, ndege ikiwa imetulia angani, huzunguka mara 850 kwa dakika. Piga hesabu: majani yanapita dirishani mara 85 kwa sekunde. L-410 ya Kicheki, ile ndogo ya abiria 19 inayojulikana sana katika viwanja vya Kongo, ina majani matano kwenye toleo lake la UVP-E na huzunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo mapigo yake huzidi 140 kwa sekunde. Katika ndege kama hizo, hasa za zamani, kelele ya ndani huweza kufika desibeli 90 na kupita.

Sasa, sauti nzito isiyobadilika ndiyo hasa ambayo hedifoni hizi zimeundwa kupambana nayo. Kila aliyewahi kukaa ukingoni mwa mto Lualaba ameona mawimbi ya boti mbili yakikutana: penye kilele cha wimbi moja na bonde la jingine, maji hulala. Sauti nayo ni mawimbi, ya hewa. Maikrofoni ndogo zilizo nje na ndani ya hedifoni husikiliza mvumo, kompyuta ndogo hutengeneza wimbi lililopinduliwa, na spika hulitoa kwa wakati ule ule. Kilele kinaangukia bonde, na sikio linapata kidogo sana.

Neno zito hapo ni wakati. Sauti ya mapigo 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4 hivi, hivyo mtambo ukichelewa kidogo hakuna hasara. Sauti ya mapigo 5,000 ina wimbi la sentimita saba tu. Chelewa kidogo na badala ya kufuta unaongeza. Ndiyo maana hedifoni nzuri hupunguza desibeli 20 hadi 30 katika sauti nzito, lakini kuanzia mapigo 1,000 hivi kwenda juu kazi inabaki kwa sponji na umbo la hedifoni lenyewe. Kilio cha mtoto, sauti ya mhudumu, kicheko cha jirani anayesimulia harusi ya mtaa wa Kasuku: hivyo utavisikia. Mara nyingine utavisikia vizuri zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu mvumo uliokuwa ukivifunika umeondoka. Muuzaji anayekuahidi ukimya mtupu anakudanganya, au hajawahi kupanda ndege nazo.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko ndege nyingi zinazotua Kindu. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa mchoro wa mawimbi yanayofutana, ila vifaa vya elektroniki vya wakati huo havikuwa na kasi ya kuitekeleza. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT huko Marekani ambaye baba yake alitoka Bengal, alikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Akapewa hedifoni za shirika la ndege, akakuta kelele ya injini imeumeza muziki, akatoa kalamu na kuanza kupiga hesabu kabla hajatua. Kutoka kwenye hesabu hizo hadi bidhaa ya dukani ilichukua zaidi ya miaka kumi. Desemba 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa siku tisa katika ndege ya Voyager bila kutua wala kujaza mafuta, wakilikatisha bara letu kutoka pwani ya Kenya hadi Atlantiki, walikuwa na hedifoni za majaribio za kampuni ya Bose, kwa kuwa ilihofiwa injini zingewaharibu masikio. Hedifoni za marubani ziliingia sokoni mwaka 1989. Za abiria, QuietComfort ya kwanza, zilikuja mwaka 2000 kwa dola 299.

Kuna jambo moja la historia hiyo ambalo abiria wa Kongo wamelipata bila kujua. Herufi Q katika jina la Dash 8 Q400 inasimamia ukimya. Kiwanda kilitandaza maikrofoni ndani ya ndege na vitikisa vidogo kwenye mbavu zake, vinavyotikisika kinyume cha pangaboi ili kulipunguza makali. Yaani ndege nzima imevishwa hedifoni. Aliyepanda Q400 ambayo mtambo huo unafanya kazi, kisha akapanda ndege ya zamani ya pangaboi, hahitaji mtaalamu kumweleza tofauti.

Kwa nini tujisumbue na haya yote? Starehe ni sababu mojawapo, lakini si kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 89 umebakiwa na saa tano, ukifika 92 saa mbili na nusu, na ukifika 95 saa moja na robo, kwa wiki nzima. Ndani ya ndege ya desibeli 85 au 90, mwenye visikilizi vya kawaida hupandisha sauti ya simu mpaka muziki uushinde mvumo, na hapo anafika 95 bila kuhisi. Akifika Kinshasa masikio yanalia. Kazi kubwa ya hedifoni za kuzima kelele, kwa maoni yangu, ni kumwezesha mtu kusikiliza kwa sauti ndogo. Anayezivaa kisha akaongeza sauti mpaka mwisho ametupa pesa zake.

Tuingie sokoni. Kindu hakuna duka la Sony wala la Bose. Bidhaa zinakuja na wafanyabiashara kutoka Kinshasa na Dubai, na kabla njia za mashariki hazijaharibika nyingi zilipitia Goma. Bei hutajwa kwa dola. Maboksi hung'aa, muuzaji anasema, "Papa, hii kaske ni orijino," na jina la kampuni kubwa limeandikwa mahali panapostahili. Bandia za AirPods na za Sony ni nyingi kupita za kweli katika masoko ya aina hiyo, na baadhi yake zimeigwa hata mfuko na kijitabu.

Kitu cha kwanza cha kusoma kwenye boksi ni herufi tatu. ANC ndiyo ya kuzima kelele masikioni mwako. ENC ni kitu kingine kabisa: inasafisha maikrofoni ili unayezungumza naye kwenye simu asisikie pikipiki zinazokupita. Yeye anafaidika, wewe huambulii kitu. Hedifoni nyingi za dola 15 huandikwa ENC kwa maandishi makubwa, na mnunuzi asiyejua huondoka akidhani amepata kile kile kwa bei ya kutupa. CVC ni ndugu yake ENC. Usinunue herufi hizo kwa ajili ya ndege.

Kitu cha pili ni jaribio, na hapa Kindu tuna nyenzo ambayo mnunuzi wa Ulaya hana. Umeme wetu ni wa kubahatisha, hivyo mbele ya duka au nyuma yake kuna jenereta. Mvumo wa jenereta ni mzito na wa mfululizo, unaofanana kiasi cha kutosha na wa ndege. Chaji hedifoni, zivae vizuri, usiweke muziki wowote, simama mita chache kutoka kwenye jenereta, kisha bonyeza kitufe cha kuzima kelele. Washa, zima, washa tena. Kwenye hedifoni za kweli mvumo hudidimia ghafla na hurudi ghafla, na baadhi ya watu huhisi kama masikio yameminywa kidogo. Kwenye za bandia hakibadiliki kitu. Kimya kidogo unachokipata ni cha sponji, na kitufe ni pambo. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Ukishapata zenye kufanya kazi kweli, swali linalofuata ni kichwa chako. Mtambo wa kuzima kelele unategemea hedifoni kuziba sikio pande zote. Upenyo mdogo ukibaki, sauti nzito, zile zile tunazozipigia vita, ndizo zinazoingia kwanza. Mkono wa miwani huacha upenyo. Nywele zilizosukwa nene juu ya masikio huacha upenyo. Ushungi na kilemba vinaacha zaidi, kwa sababu kitambaa kinakaa kati ya sponji na ngozi. Maniema ni kitovu cha Uislamu wa Kongo, na akina mama wengi wanaopanda ndege Kindu, Waislamu kwa Wakristo, wamefunga kitambaa kichwani. Sijaona mwongozo wa hedifoni uliowafikiria.

Kwao ushauri wangu hauna kona: nunua zile ndogo zinazoingia ndani ya tundu la sikio, zenye ncha za mpira laini. Zinakaa chini ya ushungi bila taabu, na ANC yake ikiwa nzuri zinafanya kazi karibu sawa na kubwa. Boksi huja na ncha za ukubwa tofauti. Jaribu zote, kwa sababu sikio la kulia na la kushoto si lazima yalingane, na ncha iliyolegea inaua kazi yote. Mwenye miwani naye afikirie hizo hizo, au atafute hedifoni kubwa zenye sponji nene na laini inayozunguka mkono wa miwani.

Udhaifu wa hizo ndogo ni betri. AirPods Pro za kizazi cha pili hudumu kama saa sita kwa chaji moja huku zikizima kelele, na Sony WF-1000XM5 kama saa nane. Kijaluba chake huzijaza tena, lakini lazima uzivue, na anayelala angani hataki kuamshwa na ukimya uliokatika. Kubwa ziko mbali sana: Sony WH-1000XM4 na XM5 saa 30, Soundcore Space One ya kampuni ya Anker saa 40, Sennheiser Momentum 4 hadi saa 60. Ukiweka pamoja safari ya kwenda Kinshasa, kungoja Ndjili, na usiku mzima hadi Ulaya, saa 30 zinatosha bila kutafuta umeme. Kwa mtu anayeondoka kwenye mji ambako alitegemea paneli ya jua kuchaji simu, na jana yake mvua ilinyesha kutwa, hiyo ni sifa kubwa kuliko muziki mtamu.

Pawabenki inasaidia, ila ijue sheria. Betri za akiba za lithiamu hazitakiwi kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege, ziwe mkononi. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100, yaani karibu mAh 27,000. Mashirika mengine yamekaza zaidi: tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, na hairuhusu kuitumia ndani ya ndege. Chaji kila kitu kabla hujapanda. Tena, baadhi ya hedifoni hujizima zikiwa zinachajiwa, kwa hiyo waya wa chaji haukusaidii saa ile unayouhitaji.

Waya wa sauti nao usiudharau. Skrini za viti katika ndege nyingi za masafa marefu bado zinataka waya wa tundu la milimita 3.5, na kwenye ndege za zamani tundu ni mbili, zinazohitaji kichwa cha kuunganishia kinachouzwa kwa dola chache. Hedifoni isiyo na tundu la waya itakunyima filamu usiku kucha, labda uwe umebeba kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye skrini kikarusha sauti kwa Bluetooth. Kwenye ndege ya Kindu–Kinshasa, ambayo ukiitafuta skrini utakiona kisogo cha abiria wa mbele, simu yako ndiyo kila kitu: pakia nyimbo, mahubiri au kisomo kabla ya kuondoka, weka hali ya ndege, kisha washa Bluetooth peke yake.

Joto la Ikweta lina ugomvi wake na hedifoni. Ngozi ya bandia inayofunika sponji hukauka na kubanduka vipande vyeusi kwenye shingo na kola, na unyevu na jasho huharakisha. Kabla ya kulipa uliza kama sponji za akiba zinapatikana. Za Sony na Bose zimeigwa na viwanda vingi na huuzwa kwa bei ndogo; za jina lisilojulikana hutazipata popote, na sponji ikichanika kuzima kelele kumekwisha. Ukirudi safari zifute kwa kitambaa kikavu, uzihifadhi kwenye mfuko wake pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Na zinazokunjwa ni bora kwa anayevuka kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa mtumbwi na begi mgongoni, halafu pikipiki. XM4 hukunjwa. XM5 ya mwaka 2022 haikunjwi, na watengenezaji wenyewe walirudisha bawaba kwenye XM6 mwaka 2025.

Kuna jambo la masikio ambalo hedifoni haziligusi, nalo ni shinikizo la hewa. L-410 na Antonov An-28 hazina mtambo wa kudumisha shinikizo ndani. Ndege ikipanda, hewa ya masikioni mwako inatanuka; ikishuka, unaumia. Vizibo vya sponji na ncha za mpira zilizobana sana huzidisha maumivu wakati wa kushuka, kwa kuwa zinafungia hewa ndani ya tundu la sikio. Ndege ikianza kuteremka zivue, meza mate, tafuna kitu, mpe mtoto nyonyo. Mwenye mafua makali ni afadhali aahirishe kama anaweza.

Kwenye ndege hizo ndogo vua hedifoni pia wakati wa kuondoka. Mara nyingi hakuna mhudumu. Rubani hugeuka akasema maneno machache kuhusu mkanda na mlango, na hayarudii.

Kiti nacho ni dawa isiyolipiwa. Katika ndege ya pangaboi, safu iliyo mkabala na majani ndiyo yenye kelele na mtetemo mkubwa kuliko zote. Pale ambapo viti havina namba, kaa nyuma yake kwa mbali. Kwenye jeti yenye injini chini ya mabawa ni kinyume: mbele pana utulivu zaidi. Mtetemo unaopitia kiti na mifupa hakuna hedifoni inayouzima, hata ya dola 450.

Na kuna sponji. Namaanisha vile vizibo vidogo vya masikio vya kuviringisha kwa vidole, vinavyouzwa kwa pesa kidogo sana, ambavyo viwanda vikubwa vya hedifoni havina haja ya kuvitangaza. Vikiingizwa vizuri hukata desibeli 20 na zaidi, na nguvu yake iko kwenye sauti nyembamba, pale pale ANC inaposhindwa. Vaa vizibo, kisha juu yake vaa hedifoni kubwa zilizowashwa bila muziki: mvumo umekwenda na kilio kimepungua. Hiyo ndiyo njia ya kulala Kinshasa–Brussels. Anayepanda ndege mara moja kwa mwaka kwenda kumwona daktari anaweza kuishia kwenye vizibo peke yake na asijute.

Basi nani anunue nini? XM6 za Sony zilitoka kwa dola 450 hivi. QuietComfort Ultra ya Bose ilitoka kwa 429. Ni nzuri, na anayeruka kila mwezi kwa kazi, au ofisi inayomlipia mfanyakazi wake, haipotezi. Lakini tofauti ya ukimya kati ya hizo na Soundcore Space One, iliyotoka kwa dola 99, haifikii tofauti ya bei, na kwenye mvumo mzito wa ndege inakuwa ndogo zaidi. XM4 iliyotumika, ikiwa imepita jaribio la jenereta na sponji zake ni nzima, naiona kuwa biashara bora kuliko zote kwa mwanafunzi anayeondoka. Mama wa ushungi achukue ndogo za ndani ya sikio zenye ANC ya kweli. Mtoto mdogo asivishwe hedifoni za muziki. Kuna vifuniko vya masikio vya watoto visivyotumia betri, na vinamtosha.

Anayemnunulia mzazi hedifoni kwa ajili ya safari ya matibabu asimkabidhi boksi uwanjani. Akae naye nyumbani jioni moja, amwonyeshe kitufe, amwekee sauti isiyovuka nusu, na amwambie avue kila mhudumu anaposimama mbele yake.